Rezistansi Laki Sita

Wiki iliyopita binti yangu aliacha maziwa yakafurika juu ya reshau, lile jiko la umeme. Moshi ulipofika sebuleni nikajikuta nimesimama wima, mkono wa kushoto nimeuficha kwapani. Binti akanicheka. "Mama, ni maziwa tu." Ni maziwa tu, kweli. Lakini sisi tuliokulia Kamembe, mpakani, baada ya vita, wakati vita vingine vinaunguruma ng'ambo ya mto, Kongo, pua zetu zina kumbukumbu kuliko vichwa. Harufu ya kitu kinachoungua juu ya waya wake, kwangu mimi, ni harufu ya ngozi yangu mwenyewe.

Nilifika kwa Shangazi Mwajuma nikitoka msituni Kongo. Baba alipotea siku makambi ya wakimbizi yalipovunjwa na watu wakakimbia kila mtu upande wake. Mama alifia njiani. Tuliobaki tulikuwa mimi na mdogo wangu Saidi, na Saidi naye hakutoka msituni. Shangazi, dada yake baba, alikuwa na mgahawa wa mabati karibu na kituo cha mabasi. Alipikia madereva maharage, wali na sombe, majani ya muhogo, juu ya majiko mawili ya umeme. Sitasema uongo, hakunipiga. Ukatili wake ulikuwa wa mdomo. Wateja walipouliza mimi ni nani, hakusema ni mtoto wa kaka yake. Alisema, "Huyu nilimuokota," na sauti yake ilikuwa ile ile aliyotumia kuitisha chumvi.

Kazi yangu ilikuwa sufuria. Nilizisugua kwa majivu na mchanga kabla ya shule na baada ya shule, mpaka viganja vyangu vikawa vigumu, vikavu, vimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Shuleni, tulipocheza mchezo wa kushikana mikono, wenzangu walivuta mikono ya sweta zao wakanishika kwa kitambaa. "Zaina ana mikono ya mamba," walisema. Rafiki yangu alikuwa mmoja, Esperansi, tuliyekaa naye dawati moja. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda waliozaliwa Bukavu, upande wa Kongo, wakarudi vita vilipokwisha. Yeye shida yake ilikuwa kinyume cha yangu. Mikono yake ilitoka jasho saa zote, mvua au jua. Kalamu ilimteleza, daftari lake lilikuwa na mabaka ya unyevu. Alinishika bila kitambaa, nami sikujali kulowa.

Mwalimu wa fizikia tulimwita Prof. Naye alikuwa amerudi kutoka Kongo. Alikuwa mwembamba, shati lake safi, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko kama mtu anayetaka kuchinja. Aliandika ubaoni kwa Kifaransa, akaeleza kwa Kiswahili, kwa kuwa darasa letu lilikuwa la kuokoteza: waliotoka Bukavu, waliotoka msituni, ambao baba zao walikuwa gerezani, ambao baba zao walikuwa makaburini. Hatukujua Prof alikuwa amempoteza nani. Wakati ule hakuna aliyeuliza swali hilo, maana naye angeulizwa lake.

Siku moja akaja na betri ya lori, amebebewa na kijana wa gereji, na kijisanduku chenye kioo na mshale. Akafunga nyaya kwenye vipande viwili vya bomba la shaba.

"Betri hii inasukuma volti kumi na mbili," akasema. "Kila muntu atashika bomba mbili. Mshale utatuambia ni kuran ngapi, ni umeme kiasi gani, imepita ndani yake. Volti ukiigawanya kwa kuran, unapata nini?"

"Rezistansi!" tukaitikia.

"Rezistansi ni nini?"

Akatuangalia mmoja mmoja, akatabasamu. "Ni ile kitu ndani yako yenye kukataa."

Nimefundishwa baadaye kwamba maelezo yale hayakuwa mabaya sana kwa fizikia. Kwa watoto kama sisi yalikuwa sumu. Sote tulisikia kitu kimoja, kwamba leo tutapimwa ushupavu.

Tukapanga mstari. Prof alisoma mshale, tukapiga hesabu, akaandika jina na rezistansi yake ubaoni. Wengi walikuwa na elfu arobaini, elfu hamsini. Zamu ya Esperansi ilipofika, mshale uliruka kama umeumwa na nyuki. Sehemu sita za kumi za miliampea. Kumi na mbili gawanya kwa hiyo: elfu ishirini. Hakuna aliyekuwa chini yake.

Nikashika mimi. Mshale haukusogea. Prof akagonga kioo kwa kidole. Akaangalia nyaya. Akaniambia nibane zaidi, nikabana. Ukasogea kiasi cha unywele: sehemu mbili za mia za miliampea. Akapiga hesabu mwenyewe, akaipiga tena, kisha akaandika: Zaina, laki sita.

Darasa likashangilia. Tangu nifike Kamembe sikuwa nimewahi kushangiliwa na mtu.

Prof hakuishia hapo. Alifuta mkono wake kwa kitambaa, akaonyesha soketi iliyokuwa ukutani. "Ile pale ni volti mia mbili na ishirini. Sasa tuone. Tukigawanya kwa rezistansi ya kila muntu, nani atabaki muzima?" Akaeleza kwamba kuran ikifika miliampea kumi, mkono unajikunja wenyewe, hauachii waya tena, hata ukitaka. Kisha akatuita ubaoni tuhesabiane vifo. Aliyepita salama aliwekewa alama ya vema. Hesabu ya Esperansi ilitoka kumi na moja. Prof akachora msalaba mdogo mbele ya jina lake, akaukoleza kwa chaki.

"Esperansi bila rezistansi," mtu akasema nyuma. Maneno yalikuwa na mahadhi, na kabla ya kengele kulia ulikuwa wimbo. Waliuimba uwanjani na njiani, wakauimba mpaka ukavuka nao barabara. Esperansi alilia bila sauti, akijifuta machozi kwa viganja vilevile vilivyolowa. "Niko musalaba, Zaina," aliniambia. "Umeona? Amenichorea musalaba."

Ningepaswa kumhurumia, na nilimhurumia. Lakini kichwani nilikuwa mbali, nilikuwa msituni na Saidi. Nilimbeba mgongoni siku alipokuwa na homa. Viganja vyake viliniangukia kifuani, laini, vimelowa jasho. Watu wazima wenye nguvu waliketi chini ya miti wakafa. Watoto wakubwa kuliko mimi walikufa. Mimi, niliyekuwa mwembamba kuliko wote, nilitoka. Kila siku, nikisugua sufuria, nilijiuliza kwa nini mimi, na sikuwa na wa kumuuliza. Sasa jibu lilikuwa ubaoni. Mungu aliweka namba ndani ya kila mtu. Saidi alipewa ndogo, mimi nikapewa laki sita. Haikuwa kwamba sikumbeba vizuri. Haikuwa kwamba nilimwekea majani makavu machache mno ya kulalia. Ilikuwa hesabu tu. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetuliwa gunia.

Nikamwambia Shangazi. Nilikuwa na haja ya kumwambia mtu mzima.

"Rezistansi?" akauliza, mwiko mkononi. "Kama hii ya reshau?" Mafundi wa Kamembe waliuita hivyo ule waya uliojizungusha unaowaka mwekundu.

"Ndiyo, Shangazi. Prof anasema iko ndani ya muntu. Yangu inapita ya bote, ya darasa zima. Hata kwa soketi siwezi kufa."

Akaniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu nifike.

Umeme wa mgahawa ule ulikuwa wa wizi. Nyuma ya mabati ulipita waya wa baa ya jirani. Shangazi alikuwa ameuchuna mahali pawili, na kila alfajiri mtu alipaswa kupanda kigoda akatundika ncha za nyaya zetu pale, kisha jioni kuzitoa. Kijana aliyefanya kazi hiyo alirushwa siku moja akaangukia majivu, akaondoka bila kuaga.

"Basi ni weye," Shangazi akasema. "Uko kama rezistansi ya reshau. Inakula moto, haikatike."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kesho yake asubuhi nilipanda kigoda kama bibi harusi anayepanda gari. Nilitundika waya wa kwanza, nikatundika wa pili, majiko yakawaka. Sikusikia kitu. Asubuhi iliyofuata vilevile. Shangazi akaanza kuwaonyesha madereva: "Muangalie huyu. Anashika moto kwa mikono." Walitoka nje na vikombe vyao vya chai kunitazama. Hakusema tena kwamba aliniokota. Alisema, "Ni damu yetu."

Mvua za msimu zikaanza. Asubuhi moja ilinyesha tangu kabla ya adhana, ikakatika ghafla. Nilikuwa na mikono ndani ya beseni la vyombo Shangazi alipopiga kelele kwamba madereva wa Bukavu wamefika na majiko bado baridi. Nikakimbia nyuma bila kujifuta. Kigoda kilikuwa kimelowa. Nikapanda, nikateleza kidogo, mkono wa kulia nikaegemea ukuta wa mabati, wa kushoto nikainua waya.

Sitaweza kueleza vizuri. Haikuwa maumivu mwanzoni. Ilikuwa kama mtu mkubwa amenishika kwa ndani akanitikisa. Nilitaka kufungua kidole, kidole hakikuwa changu. Nilitaka kupiga kelele, meno yalikuwa yamebanana. Nikasikia harufu, nikawaza kwamba maziwa ya Shangazi yameungua na atanigombeza.

Esperansi alikuwa amekuja kunipitia twende shule, kama kila siku. Aliniona kutoka kwenye kona. Dereva mmoja alikuwa karibu naye, akarudi nyuma. Shangazi alisimama mlangoni akiita, "Achilia! Achilia!" kana kwamba mimi ndiye niliyekataa. Kumbuka Esperansi alikuwa nani. Alikuwa mtoto aliyechorewa msalaba. Aliamini, kama mimi nilivyoamini, kwamba waya wowote uliopo duniani ulikuwa umeandikwa jina lake. Akauchukua mchi wa kutwangia sombe, akaushika kwa viganja vile vya maji, akafumba macho, akanipiga mkononi kwa nguvu zake zote. Mfupa ulivunjika. Waya ukaachia.

Nilipozinduka hospitali mkono ulikuwa umefungwa mpaka begani. Vidole viwili havikukunjika tena, na mpaka leo havikunjiki. Lakini kabla sijatoka hospitali, mtaani ilikuwa imekwishazagaa habari nyingine. Shangazi, akiogopa mwenye baa na watu wa umeme, alikuwa amesema kwamba Esperansi alinivizia nyuma ya nyumba akanivunja mkono kwa mchi kwa wivu wa shuleni. Na lile jeraha la moto? Eti nilianguka juu ya reshau nilipopigwa. Dereva aliyeona alikuwa amekwishavuka zamani kwenda Bukavu.

Mkuu wa nyumba kumi alikuwa kinyozi aliyekula kwa Shangazi kila mchana. Alituita uani kwake. Mama Esperansi alikuja na binti yake, amemshika bega. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na kanga yake ilinuka samaki hao. Majirani walijaa. Mtu akaimba chini kwa chini, "Esperansi bila rezistansi," watu wakacheka.

"Zaina," kinyozi akasema, "sema. Nani alikuvunja?"

"Ni Esperansi," nikasema.

Shangazi akapumua. Mama Esperansi akafumba macho.

"Alinivunja kwa sababu nilikuwa nimeshika waya wa wizi. Shangazi ndiye alinituma. Bila Esperansi ningekuwa nimekufa."

Shangazi hakukasirika, au hakuonyesha. Alinyanyuka, akajikung'uta nguo, akaniambia kwa ile sauti ya kuitisha chumvi, "Vizuri. Sasa uende kwa bale banakuokoa. Mimi nilikuokota tu." Jioni nguo zangu zilikuwa nje ya mabati, ndani ya mfuko wa mchele.

Kinyozi hakusema neno juu ya waya. Mchana uliofuata alikula kwa Shangazi kama kawaida.

Mama Esperansi hakuniambia karibu wala pole. Alisogeza watoto wake kwenye godoro, akanyoosha kidole mahali palipobaki. Nililala hapo miaka yote ya sekondari.

Siku chache baadaye tulipita na Esperansi nyuma ya mgahawa. Juu ya kigoda alikuwa amesimama msichana nisiyemjua, mdogo kuliko sisi, mmoja wa wale waliokuwa wakishuka kwenye malori kutoka ng'ambo bila mtu wa kuwapokea. Alikuwa anatundika nyaya.

"Shuka!" nikamwambia. Nikamwonyesha bandeji.

Akanitazama kwa dharau. "Weye ulikuwa na mikono mibaya. Miye, Maman Mwajuma amesema yangu ni mizuri."

Tulimwambia mwenye baa siku ileile, tukakimbia. Nyaya zilikatwa kabla ya jioni. Msichana yule naye aliwekwa nje na mfuko wake, na sijui alikwenda wapi.

Nilirudi darasani mkono ukiwa bado umening'inizwa shingoni. Prof aliniona, akasimama. Nilidhani atasema pole. Akafuta ubao.

"Leo tuna mfano muzuri," akasema. "Zaina, njoo mbele. Rezistansi yako ilikuwa ngapi?"

"Laki sita, Prof."

"Ilikuwa ya ngozi kavu. Ngozi ikilowa, ukuta unaanguka. Inabaki elfu mbili, pengine chini. Na zile siku za kwanza haikuwa mikono iliyokuponya. Ilikuwa kigoda cha mbao, kikiwa kikavu. Esperansi, njoo uhesabu. Kuran kwanza, kisha pwisansi, ni wati ngapi."

Esperansi akaenda. Chaki ililowa vidoleni mwake ikawa inaandika kijivu. Mia mbili na ishirini gawanya kwa elfu mbili: sehemu kumi na moja za mia za ampea. Zidisha kwa volti: wati ishirini na nne na kitu.

"Wati ishirini na nne," Prof akasema, akageukia darasa. "Munajua ni nini? Ni balbu ya chooni. Mwenzenu alikuwa balbu ya chooni."

Walicheka, bila shaka. Mimi sikuwasikia vizuri. Nilikuwa nautazama ubao. Kama laki sita haikuwa yangu, kama ilikuwa ya majivu na mchanga wa sufuria, na maji ya beseni yalitosha kuifuta, basi Saidi hakupewa namba ndogo. Hakupewa namba yoyote. Tulikuwa watoto wawili chini ya mti mmoja, mvua ileile ikitunyeshea. Lile gunia nililotuliwa nikahisi linarudishwa taratibu, kwanza bega moja, kisha la pili.

Nikainua mkono uliokuwa mzima.

"Prof."

"Sema, balbu."

"Muntu akibaki muzima na benzake bote bamekufa, hiyo tunaihesabu namna gani?"

Kicheko kikapungua. Prof alikuwa na tabasamu, nikaliona likibaki usoni peke yake, kama kofia iliyosahauliwa na mwenyewe. Akatazama ile soketi ya ukutani. Kisha akatupa mgongo, akaelekea ubaoni kama mtu anayetaka kuandika, lakini hakuandika.

"Hiyo haiko mu programu," akasema. "Keti."

Nikaketi. Prof hakugeuka. Alishika ukingo wa ubao kwa mikono miwili, na mabega yake ndani ya lile shati safi yakaanza kutikisika. Nyuma ya darasa mtu mmoja akacheka, kisha mwingine, kisha dawati zima, na baada ya muda darasa lote lilikuwa linapiga meza kwa kicheko, hata Esperansi, hata mimi, kwa sababu tulidhani Prof anacheka.